Rudi Mkekani

Mdogo wangu, glavu zako bado zinaning'inia kwenye ule msumari karibu na mlango. Hakuna aliyezigusa. Hii ni wiki ya tatu. Wapo wanaosema umepata zamu ya usiku kule Kakola, wapo wanaosema umefuata rashi mpya ya dhahabu upande wa Geita. Mimi nimenyamaza, maana nilikuwepo jioni ile na uso wako niliuona.

Ulikuwa na miezi miwili ya kickboxing, na ulikuwa unakuja vizuri. Teke lako likigonga begi la mchanga, mnyororo ulilia hadi majirani wakageuka. Halafu mwalimu akasema leo hatupigi, leo tunakaa chini. Akatandika turubai juu ya pumba za mpunga, akakupanga na yule binti fundi cherehani, ambaye hata akipanda mizani na mashine yake hafikii uzito wako. Ulitabasamu kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuumiza mtoto. Dakika haikuisha, ukagonga mkeka kwa kiganja, ishara ya kukubali umeshindwa. Mkaanza tena, ukagonga. Mara ya tatu ulitumia nguvu zote alizokujalia Mungu, mishipa ya shingo ikakutoka, ukanguruma, na bado ukagonga. Ulivaa viatu bila kufunga kamba, ukaondoka bila kuaga.

Nakuandikia hadharani kwa sababu hukuwa wa kwanza. Mwaka wa sita huu niko kwenye mazoezi haya, na nimeona vijana wenye vifua kama milango wakiondoka hivyo hivyo, jioni yao ya kwanza chini. Wanaobaki ni wachache, na wala hawawazidi nguvu waliokwenda. Nataka uwe miongoni mwa wanaobaki. Na msomaji mwingine yeyote, wa Nyasubi au Mhongolo, wa Kagongwa au Isaka, ambaye amewahi kutundika glavu zake kwa aibu, namwomba asome hadi mwisho kisha akazichukue.

Tuanze na kilichokupata, maana ulikibeba kama fedheha na kumbe lilikuwa somo. Ulipoingia katikati ya miguu yake ulidhani umemlalia, umeshinda. Pale ndipo alipokutaka. Mahali pale tunapaita gadi: mtu yuko chini, mgongo mkekani, lakini miguu yake imekuzunguka kiunoni, na nyonga zake ndizo zinazoamua wewe uelekee wapi. Ulipomsukuma kifuani kwa mkono mmoja, mkono ule ulimpa zawadi. Akaubana. Mguu mmoja ukapita nyuma ya shingo yako, wa pili ukaufunga kwa juu, pembetatu ikakamilika. Hakukukaba koo. Alibana mishipa miwili ya damu iliyo pembeni mwa shingo, mmoja kwa paja lake, mwingine kwa bega lako mwenyewe. Damu ikikatika kuelekea kichwani, sekunde kama kumi zinatosha kumlaza yeyote, awe mpagazi wa stendi au bingwa wa dunia. Kifua chako hakikuwa na kazi pale. Kadiri ulivyojitutumua ndivyo ulivyozidi kujibana.

Na jambo hili unalijua tayari. Siku yako ya kwanza kwenye duara, shimo la dhahabu, ulipewa nyundo na tindo, ukapiga jiwe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Pembeni yako alikuwepo mzee mwembamba, anakohoa, anapiga mara moja kwa mara zako tano, na rundo lake ni kubwa kuliko lako. Ulinisimulia mwenyewe. Mzee yule alikuwa anapapasa jiwe kwanza, anatafuta ufa, ndipo anaweka tindo. Hukumchukia. Hukutupa nyundo ukarudi nyumbani. Ulisogea karibu ukamwangalia mikono. Basi binti huyu naye alikupapasa, akaupata ufa. Kwa nini mzee umwite fundi, na yeye umkimbie?

Nikupe mtu wa kimo chako. Francis Ngannou alizaliwa mwaka 1986, kwao ni Batié, nchini Kameruni. Akiwa bado mtoto alishika koleo kwenye machimbo ya mchanga ili nyumbani pawe na chakula. Mabega yale unayoyaona kwenye picha yalianzia huko. Alianza kujifunza ngumi akiwa na miaka 22, umri ambao wengi hapa kwetu wangemwambia amechelewa. Akavuka Sahara, akaingia Ulaya kwa boti ya mpira, akawekwa kizuizini Hispania kwa kukosa vibali, na mwaka 2013 alikuwa Paris, analala kwenye maegesho ya magari. Klabu moja ya mapigano mchanganyiko ikampokea. Mwisho wa 2015 alikuwa tayari anapigana UFC, na watu walikuwa wanaanguka kwa ngumi yake moja.

Wengi wanaomsimulia wanaishia hapo. Mimi naona kisa chake hasa kinaanza tarehe 20 Januari 2018, mjini Boston, alipopewa pambano la ubingwa dhidi ya Stipe Miocic. Miocic hakukubali kusimama mbele ya ngumi zile. Alimvaa miguuni, akambwaga, akamlalia, akamchosha raundi baada ya raundi, zote tano. Mchimba mchanga mwenye ngumi nzito kuliko wote alibaki chini anahema, hajui mkono auweke wapi, dunia nzima inamtazama. Wewe tulikutazama watu kumi na wawili, na sote tumewahi kugonga mkeka ule ule.

Pambano lililofuata alipoteza tena, na safari hiyo alionekana mtu anayeogopa hata kurusha ngumi. Nadhani huo ndio ulikuwa usiku wake mgumu kuliko ule wa Boston, kwa sababu aibu ilikuwa imeshahamia ndani. Unaifahamu hiyo, ndiyo uliyoondoka nayo. Lakini alirudi mkekani. Tarehe 27 Machi 2021 akakutana na Miocic kwa mara ya pili. Miocic akarukia miguu kama zamani, na safari hii Ngannou akaitupa miguu nyuma, akamwelemea kwa kifua, akamzunguka. Raundi ya pili akamwangusha kwa ngumi, mkanda ukawa wake. Tarehe 22 Januari 2022 akapambana na Ciryl Gane, Mfaransa fundi wa mateke, huku goti lake likiwa limeumia kano. Raundi za mwanzo Gane alimcheza kwa mbali, ngumi hazimfikii. Ndipo Ngannou akambwaga. Akambwaga tena. Yule yule aliyelaliwa raundi tano Boston ndiye aliyemlalia mwenzake mpaka majaji wakampa ushindi. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Wewe ulijipa jioni moja.

Sanaa aliyokufanyia binti yule imesafiri mbali kabla ya kufika kwenye turubai letu, na karibu kila mkono ulioibeba ulikuwa wa mtu mdogo wa umbo. Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani, aliichambua jujutsu ya kale akaanzisha judo mwaka 1882. Mitsuyo Maeda, mtu wa shule yake, akafika Brazil mwaka 1914, na familia ya Gracie ikaipokea sanaa hiyo na kuinoa zaidi upande wa chini, ikawa jiu jitsu hii tunayofanya. Tarehe 12 Novemba 1993, Denver, Marekani, wapiganaji wa kila namna wakaitwa kwenye ulingo mmoja, na kijana wa familia hiyo, Royce Gracie, mwenye kilo kama 80, akaingia na vazi lake jeupe la mazoezi. Usiku ule aliwashinda watatu: bondia, kisha mpiga mieleka aliyemzidi kilo karibu 20, na kwenye fainali Gerard Gordeau, Mholanzi mrefu aliyekuwa bingwa wa mateke ya Kifaransa. Wote watatu waligonga, wote watatu wakatoka ulingoni kwa miguu yao.

Asikwambie mtu kwamba hii ni michezo ya watu wa mbali. Kule Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amewafundisha vijana judo kwa miaka mingi. Japhet Kaseba alijenga jina lake Tanzania nzima kwa kickboxing kabla ya kuhamia ngumi za kulipwa, na hapo jirani Uganda Moses Golola alijaza kumbi kwa mchezo huo huo. Na ukitaka asili ya kubana, waulize wazee wa Usukuma. Uliwahi kuwaona bayeye wakicheza na chatu kwenye ngoma? Chatu hapigi, hana papara. Kila mnyama anapojitikisa, yeye anakaza kidogo. Mwalimu angekuwa na chatu angemleta darasani tumtazame jioni nzima.

Sijasema uache mateke. Wala usiache, maana teke lako lina kitu ambacho hakifundishiki. Lakini bado linaanzia gotini, na ndiyo maana linapoteza nusu ya nguvu njiani. Ukiinua nyundo kupasua jiwe, nguvu inatoka wapi? Inatoka kisiginoni, inapita nyongani, mkono unapokea tu. Teke la kuzungusha ni lile lile. Mguu uliosimamia ugeuke juu ya vidole mpaka kisigino kimtazame mwenzako, nyonga ipite yote, na kinachogonga kiwe ugoko, kisiwe mgongo wa wayo ambao una vifupa vidogo vingi vya kuvunjika. Mkono mmoja ukishuka kukupa mizani, mwingine ubaki shavuni. Jebu itoke na irudi kwa njia ile ile, na irudi haraka kuliko ilivyotoka. Na zile habari za kupiga miti kwa ugoko, kama tulivyoona kwenye vibanda vya video katika filamu ya Kickboxer ya mwaka 1989, ziache huko huko. Ugoko unakomaa kwenye begi, taratibu, kwa miaka. Nimemwona kijana aliyeiga mti akachechemea msimu mzima.

Kickboxing inakufundisha umbali: nani anamfikia nani, na wakati gani. Jiu jitsu inaanza pale umbali ulipokwisha. Katikati yake upo mtama, ule ule mliokuwa mnapigana mkitoka shule, mguu mmoja unafagia, mikono inavuta upande wa pili. Ukiweza kuunganisha jebu, mtama na kumkalia kifuani, umeshaanza kuwa mtu mzima katika kazi hii.

Sasa niseme linalonifanya nisilale. Mji wetu ni wa fedha taslimu. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 ukafungwa 2021, watu wakadhani Kahama itapoa, haikupoa. Mpunga upo, malori ya Rwanda na Burundi yanapita, wachimbaji wadogo wanauza gramu zao kila siku. Panapozunguka fedha mkononi, kwenye vichochoro pana roba. Roba ya mbao haiji kwa mbele ikakupa nafasi ya kupiga jebu. Inakuja kwa nyuma, mkono wa mtu mgeni umeshapita chini ya kidevu chako. Miezi yako miwili ya mateke haina jibu hata moja kwa jambo hilo. Binti fundi cherehani analo.

Jibu lake la kwanza ni hili: kama wanataka simu na pesa, wape. Dhahabu inachimbwa tena. Lakini kuna siku hawataki pesa, hasa kwa wanawake: mama lishe anayefunga genge usiku huko machimboni, wanaoponda mawe na kurudi nyumbani giza limeingia. Siku hiyo, mikono yote miwili inaukamata mkono mmoja unaokaba na kuuvuta chini, kidevu kinageukia kwenye kiwiko cha mkabaji ili hewa na damu vipate upenyo, nyonga zinashuka, na bega linaanza kuzunguka kumfuata. Nimeyaandika kwa mstari mmoja, ila mwili hauyajui mpaka uyafanye mara mia tatu na mtu anayekukaba kweli kweli, kwa upole kwanza, kisha kwa nguvu. Ndiyo maana tunahitaji wenye mikono mizito kama yako mkekani. Wanawake wetu hawatakabwa na mtu wa kilo hamsini.

Lipo jingine. Sungusungu ilianzia maeneo haya haya, Kahama na jirani zetu wa Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu watu walichoka kuibiwa ng'ombe na kuvamiwa. Ninawaheshimu wazee wale kwa kusimama. Lakini historia ile ina kurasa nzito, watu waliopigwa na kuhukumiwa bila kusikilizwa, na wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Hata leo mwizi akishikwa sokoni, dakika tano tu kunatafutwa tairi. Nimewahi kusimama kwenye umati kama huo nikiwa sijui lolote, nikaangalia pembeni. Sitasahau. Mtu aliyefundishwa jiu jitsu anaweza kumlaza mwenye kisirani, akamkalia, akambana mkono, na kumshikilia akiwa mzima mpaka askari wafike. Sheria yetu inamruhusu mtu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwenye ngumi peke yake hana kipimo cha katikati: ama apige, ama akimbie. Wewe nataka uwe na kipimo.

Kwa hiyo ukirudi, na utarudi, nenda kwanza kwenye mambo mawili ambayo uliyaona ya kitoto ukayaruka. Daraja: umelala chali, miguu imekunjwa, unainua nyonga juu na kugeukia bega moja, kama unataka kumwaga mtu aliyekukalia. Na ule mwendo wa uduvi: unajikunja ubavuni, unarudisha makalio nyuma, unatengeneza nafasi ya kuingiza goti. Fanya kila asubuhi kabla ya chai, hamsini hamsini, hata kwenye sakafu ya chumba chako cha kupanga. Hakuna atakayekupigia makofi. Baada ya mwezi mmoja utashangaa mtu mzima amekukalia na wewe unapumua tu, unatafuta mlango.

Gonga mapema. Kugonga ni kusema nimekuelewa, tuanze upya, na anayegonga mara kumi kwa jioni amepata masomo kumi. Anayekataa kugonga anapata kiwiko kibovu na miezi mitatu ya kukaa nje. Ukitoka zamu ya usiku, usije kupigana, njoo ujifunze pole pole au lala. Mwili uliokesha shimoni hauna akili ya kujilinda. Ukipigwa kichwani ukaona giza, hutapigana siku hiyo wala wiki hiyo, hata mwalimu akiwa hakuona. Kinga ya meno ni lazima. Na lile vumbi la karasha, tafadhali, funga pua na mdomo vizuri ukiwa kazini, maana mapafu hayo hayo ndiyo unayoyaleta kwetu jioni.

Mkanda mweupe utakaa nao muda mrefu. Kutoka mweupe hadi wa bluu watu wengi huchukua mwaka na zaidi, kisha zambarau, kahawia, na mweusi ambao kwa kawaida hufika baada ya miaka kama kumi. Wewe umeshafukia miezi mingapi kwenye maduara ambayo hayakutoa hata gramu? Ulishuka kila siku, ukaweka matimba, ukachimba, kwa imani tu kwamba mwamba uko chini. Sijawahi kuona mtu mwenye subira kama mchimbaji mdogo wa kanda hii. Subira hiyo unayo. Ilete kwetu, hapa kila siku ina mavuno yake, hata kama ni kujua tu kwamba jana ulidumu dakika moja na leo dakika mbili.

Jambo la mwisho, nimeagizwa. Binti yule ameuliza habari zako mara mbili. Anasema waliobaki wote wamemzoea na wanamwonea huruma, hakuna anayemlemea kikweli. Anasema mara ile ya tatu ulikaribia kutoka: kiwiko ulikiweka mahali sahihi kabisa, ulichokosa ni kunyoosha mgongo na kuinua kichwa kabla hajaufunga mguu wa pili. Anataka kukuonyesha. Halafu anataka umkabe kwa nyuma, kwa mkono ule wa nyundo, aone kama anaweza kuutoa.

Tunaanza saa kumi na mbili jioni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ukiingia sema mwadila kama kawaida, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Pumba tumebadilisha jana, zimetoka mashineni Kagongwa, bado zina joto.